Masika Sio Tarehe

Najua nimepotea, msininunie. Tesiti zilikuwa zimenibana kooni, halafu bando nalo likawa la kuhesabia. Leo sina stori za kampasi, sina umbea wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Leo nataka kuongelea mchicha. Ndiyo, mchicha. Ameshaanza mtu kucheka huko, subiri kwanza.

Wanaonifahamu wanajua mwenzenu nimepanga Changanyikeni, hapo nyuma ya chuo. Chumba kimoja, choo cha nje, na nyuma ya dirisha kuna kipande cha ardhi cha hatua tatu kwa mbili, katikati ya ukuta wa jirani na mpapai wa mama mwenye nyumba. Aliniruhusu nilime kwa sharti moja tu, nisiuguse mpapai. Basi mwaka jana nikaanza. Viroba vya unga nikavijaza udongo na samadi, nikatengeneza na tuta moja dogo. Mchicha, bamia, matembele, pilipili mbili tatu. Hela ikikata katikati ya semista, mtu mwenye tuta la matembele nyuma ya dirisha halali njaa. Hilo wala sio nadharia, nimelila.

Sasa mwaka huu mwisho wa Februari ikanyesha. Siku tatu mfululizo, ile ya usiku yenye radi, asubuhi njia yote ya kwenda chuo ni tope na wadada wameshika viatu mkononi. Harufu ya udongo ukiloa baada ya kiangazi mnaijua wenyewe, inamtia mtu wazimu. Nikatoka na jembe kabla hata sijapiga mswaki. Nikamwaga mbegu zote nilizokuwa nazo, pakiti nzima ya mchicha na ya bamia, nikasema masika hayo, nisipitwe.

Ingeishia hapo wala nisingeandika. Shida ni kwamba jioni yake nilimpigia mama.

Mama yuko Muheza, Tanga. Nyuma ya nyumba ana bustani, na naomba mnielewe, sio bustani ya mapambo. Bustani hiyo ndiyo inayonunua madaftari ya mdogo wangu na sabuni ya nyumba nzima, na mara mbili imenipa nauli ya basi kurudi chuo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia na huku imenyesha. Halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, nipande au ningoje?" Aliniuliza mimi! Mwanamke aliyelima kabla sijazaliwa ananiuliza mimi, kwa sababu nasoma Jiografia chuo kikuu. Na mimi, bila aibu, nikamjibu kwa sauti ya mtu wa mwaka wa tatu, "Panda mama, Machi hiyo imefika, masika yameanza."

Akapanda. Alikuwa na miche ya nyanya kama mia hivi, ameitunza kitaluni wiki nne kwa maji ya kubeba kichwani. Akaihamishia yote bustanini kwa siku moja. Akamwaga na mchicha, akafukia bamia.

Mvua ikakata.

Siku ya nne bado nilikuwa najipa moyo. Siku ya saba mchicha wangu ulikuwa umeota, vile vimelea kama uzi mwekundu, na jua la saa nane linavichoma mbele ya macho yangu. Nilikuwa namwagia maji ya kuoshea vyombo, na maji yenyewe bombani yanatoka usiku wa manane. Siku ya kumi na mbili nikaacha. Huku kwangu hasara ilikuwa elfu tano na kiburi. Muheza kisima cha jirani kilikuwa kimeshuka, wanachota kwa zamu, na hakuna atakayekupa zamu ukamwagilie nyanya wakati mwenzio hajapata ya kupikia. Miche ikalala. Ilipokuja mvua yenyewe, ile kweli, wiki ya tatu ya Machi, ilikuja kama imemwagwa na ndoo, ikasomba samadi yote mpaka kwenye mtaro. Katika ile miche mia mama alibaki na ishirini na kitu.

Sikuambiwa na mama. Niliambiwa na mdogo wangu. Nilipompigia mama kumwomba radhi akanijibu tu, "Si kosa lako mwanangu, mvua ndiyo yenye kosa." Jamani. Bora angenigombeza.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiuliza, nani alinifundisha kwamba masika ni tarehe? Maana mimi sikumdanganya mama kwa makusudi. Nilimpa jibu ambalo shuleni lilikuwa linanipa vema. Masika, Machi hadi Mei. Vuli, Oktoba hadi Desemba. Tumelikariri lile jedwali tangu shule ya msingi kama tulivyokariri mikoa, na mikoa nayo imebadilika wakati jedwali lipo vilevile. Wenzetu wa Dodoma, Iringa, Mbeya, Songea na Mtwara wana lao, Novemba hadi Aprili, mvua moja ndefu. Sisi wa pwani ya kaskazini, wa Kilimanjaro na Arusha, na wa kuzunguka Ziwa Victoria tuna misimu miwili. Mgawanyo huo ni wa kweli wala sibishani nao. Ninachobishia ni hii tabia ya kuchukua wastani wa miaka mingi na kumpa mtoto kama vile ni ratiba ya basi.

Na kuna jambo nililitenda mwenyewe, leo naliungama. Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, sitaitaja shule, niliwapa kidato cha kwanza jaribio dogo la hali ya hewa. Swali mojawapo, masika huanza mwezi gani? Kijana mmoja, mkimya, anakaa nyuma, akaandika kwa Kiswahili, somo lenyewe ni la Kiingereza: "Mwaka huu kwetu ilianza Aprili, mwaka juzi sikumbuki." Nikamchapa kosa kwa kalamu nyekundu. Yaani nilimkosesha mara mbili, kwa lugha na kwa jibu. Na katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameitazama mvua! Wengine wote waliandika Machi, nikawapa vema, hata wale ambao kwao huo mwezi wa Machi walikuwa wanachota maji kwa punda.

Tukija kwenye lugha ndiyo tunachanganya kabisa. Mimi nasoma na Kiswahili, kwa hiyo hili linaniuma pande zote mbili. Tukitaka kutaja misimu minne ya Ulaya tunachukua majina yetu manne, masika, kiangazi, vuli, kipupwe, tunayabandika juu ya theluji yao. Mtoto wa Muheza anaoneshwa picha ya theluji inayeyuka na maua yanachanua, anaambiwa hayo ndiyo masika. Halafu anatoka nje, masika ya kwao ni tope na mbu. Kipupwe chetu ni ule ubaridi wa Juni na Julai upepo wa kusi ukivuma, mtu anavaa sweta asubuhi saa nne analivua. Kina uhusiano gani na theluji? Heri waseme majira ya kuchipua, inaeleweka. Ila ngoja, hata hao wenye theluji kalenda imewageuka. Mwisho wa Machi 2021 Ufaransa walipata joto lisilo la kawaida, miti ya matunda na mizabibu ikadanganyika ikachipua, kisha wiki ya kwanza ya Aprili baridi ya usiku ikarudi na kuunguza machipukizi. Wakulima wakawa wanakesha mashambani wanawasha moto kati ya mistari ya mizabibu. Nilipoziona zile picha nilimkumbuka mama na miche yake. Wao baridi ilirudi, sisi jua lilirudi. Ni kuchezewa kulekule.

Sasa kwa nini masika yana hila hivi? Niwape kidogo nilichokipata darasani, kwa lugha ya nyumbani. Jua la utosi linapita juu ya Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini. Ukanda wa mawingu ya mvua unalifuata jua kwa nyuma, unachelewa wiki kadhaa. Wakati huohuo upepo wa kaskazi unachoka na kusi bado haujashika. Hapo katikati ndipo masika yanapoingia. Ukisikia mzee wa pwani anasema ngoja kaskazi ife ndipo upande, usimcheke, anasema kitu kilekile kilichomo kwenye kitabu cha mwaka wa pili, tena kwa maneno machache.

Lakini huo ukanda hauji kama mkeka unaokunjuliwa taratibu. Kuna mafungu ya mawingu yanayosafiri kuizunguka dunia upande wa Ikweta, yanachukua kati ya siku 30 na 60 kumaliza mzunguko, yakipita kwetu inanyesha, yakishapita panakauka. Kuna vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kimbunga kikikaa mahali fulani kinavuta unyevu wote kwake na kutuachia jua kali, kikikaa pengine kinatusukumia mvua. Kwa hiyo mvua ya siku tatu mwisho wa Februari inaweza kuwa ni fungu la wapita njia tu. Na wataalamu wanakiri kwamba masika ni magumu kuyatabiri mapema kuliko vuli. Vuli inashikana sana na joto la bahari, ile El Niño na mwenzake wa Bahari ya Hindi, na bahari inabadilika polepole, kwa hiyo miezi kabla unaweza kuhisi. Masika hayana mshiko huo. Hili nimelisoma miaka miwili na bado nikamwambia mama panda.

Angalieni na miaka yenyewe ilivyopishana. Oktoba 2022 Dar tulikuwa kwenye mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulipungua. Mwaka uliofuata El Niño ikaja na vuli ya kupitiliza, na Aprili 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba mvua zimeua watu 155. Mwezi Mei tu, Kimbunga Hidaya kikagonga pwani. Mtu aliyeanza bustani yake 2022 na aliyeanza 2024 ukiwakalisha pamoja watagombana, kila mmoja atasema anaijua mvua ya Dar.

Najua kuna watakaosema, si usikilize utabiri? Nasikiliza. Mamlaka ya Hali ya Hewa kila mwaka kabla ya msimu wanatoa mwelekeo wa mvua za masika, kanda kwa kanda, lini zinatarajiwa kuanza, lini kuisha, na kama zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Kazi nzuri, na siungi mkono wale wanaowacheka kila kukinyesha. Ila tuusome vizuri. "Wastani" ni jumla ya msimu mzima kwa eneo kubwa. Msimu unaweza kuwa wa wastani kwenye karatasi, huku ndani yake kuna wiki mbili za jua zilizoua miche yako na siku moja iliyoleta mafuriko. Na kwenye mwelekeo huohuo wanaandika kuhusu vipindi vya ukavu na kuwataka watu wafuatilie taarifa za siku kumi na za kila siku. Sisi tunasoma kichwa cha habari, tunafunga simu, tunachukua jembe. Mimi nilikuwa hivyohivyo.

Wapo na wa upande wa pili, kwamba tuwarudie wazee na dalili zao. Hapo pia ninasitasita. Kaskazi kufa, sawa. Lakini kumbikumbi? Kumbikumbi wanatoka baada ya mvua yoyote nzuri, hata ya uongo. Walitoka hata huku kwangu ile Februari, wamejaa kwenye taa mpaka mama mwenye nyumba akazima. Mama yangu anazijua dalili zote za Muheza, na bado alinipigia kuuliza. Hilo ndilo linalonitisha. Anayejua ameacha kujiamini, kwa sababu mvua imemuumbua mara nyingi mno, akaamua kumwamini mwanae mwenye jedwali. Kwa hiyo wale ndugu zangu wa "wazee walijua kila kitu" naomba mje na kitu kingine.

Msimamo wangu mimi ni huu: mvua ya kwanza usiipe mbegu zako zote. Yaani hata uwe na hamu vipi. Mwaka huu nimeanza kugawa pakiti mara tatu. Fungu la kwanza linaingia mvua ya mwanzo, likifa, limekufa theluthi. La pili baada ya siku kumi hivi. La tatu linakaa kwenye kopo kavu mpaka nimeona kaskazi imelala kweli. Mchicha unakuruhusu kucheza hivyo kwa sababu ni wa wiki tatu nne tu unang'oa. Ukimwaga wote siku moja, hata mvua ikikubali, utakula mchicha wiki moja mpaka uuchukie, kisha hakuna. Bamia nayo unailoweka usiku kucha, ukigawa mafungu unavuna kwa kupokezana. Nyanya ndizo zenye deko. Zenyewe usizihamishe kitaluni kwa kelele za radi. Ikibidi hamisha kumi na tano, nyingine ziache kivulini, ziongezewe wiki. Mche uliopitiliza kidogo kitaluni unaweza kuufukia shina kwa kina ukatoa mizizi mipya, mche uliokauka huna la kuufanyia.

Kitu cha pili nilichojifunza kwa aibu ni kupima. Nina kopo la maziwa ya unga, lile lililonyooka kuanzia kitako mpaka mdomo, nimeliweka wazi mbali na bati na mpapai. Asubuhi naingiza rula. Milimita moja ndani ya kopo ni sawa na lita moja iliyoanguka kwenye kila mita ya mraba ya bustani, hesabu ya darasa la tano. Juzi kulikuwa na mvua ya makelele, radi, watu wanakimbia, umeme ukakata. Nikaenda na rula yangu asubuhi: milimita nne. Nne! Kipande changu ni kama mita sita za mraba, kwa hiyo nimepata lita 24, dumu moja na kidogo. Na jua la Machi Dar linaweza kunywa hizo milimita nne kwa siku moja tu. Sasa fikiria ile mvua ya Februari niliyoipa mbegu zote, sikuipima. Niliisikiliza tu kwenye bati, na bati wote tunajua linavyotia chumvi.

Kama huna kopo, una kidole. Chimba mpaka kiganja kizima kiingie. Juu kumeloa, chini vumbi? Hiyo mvua bado. Watu wanaona uso wa udongo umebadilika rangi wanadhani kazi imekwisha, kumbe mizizi inaishi chini huko.

Na nyasi! Sijui kwa nini shuleni tulifundishwa kufagia bustani mpaka iwe inang'aa kama uwanja wa gwaride. Matandazo yanakinga jua likija na yanakinga matone makubwa mvua ikija, kwa hiyo yanakusaidia kwa adui wote wawili. Ila kwenye kitalu usizidishe na usimwagie mno, kinyausi kitakuangushia miche yote usiku mmoja, unaikuta imekatika shingoni kama imechinjwa. Matembele ndiyo pekee sina ushauri nayo. Matembele unayachomeka, unayasahau, yanakula mvua ya kweli na ya uongo. Kama wewe ni mvivu kama shoga yangu wa chumba cha pili, panda matembele uache kusoma hapa.

Huyo shoga yangu ndiye aliyenipa hoja moja ngumu kuliko zote. Alisema, "Fungu la mchicha genge la hapo chini ni mia tano, wewe unapima mvua kwa rula ili iweje?" Kwake yuko sahihi, na hata kwangu karibu yuko sahihi. Ndiyo maana sitaki kabisa zile video za kutuhamasisha vijana, eti viroba kumi tu vitakutoa kimaisha. Viroba kumi vitakupa mboga, tena ukiwa na maji. Waache kuwadanganya watoto wa watu wanaotafuta mtaji. Lakini nikamuuliza, genge wanautoa wapi? Unatoka kwa mtu kama mama, mwenye tuta na kisima kimoja, ambaye mvua ikimdanganya mara mbili kwa mwaka mmoja anaacha kulima mboga anaanza kuuza maandazi. Ikifika hapo fungu halitakuwa mia tano. Hakunijibu, alirudi kwenye simu yake, ila jana nilimkuta amesogeza kiroba changu kimoja kisipigwe na maji ya bati. Sikusema kitu.

Narudi shuleni maana ndiko ninakoenda kuajiriwa, Mungu akipenda na ajira zikitoka. Shule nyingi nilizopita zilikuwa na bustani, na mwenye kumwagilia alikuwa ni nani? Aliyechelewa namba, na aliyepiga kelele. Ndoo ya kumwagilia ilikuwa ndugu yake fimbo. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule wanafunzi washiriki kulipangia na waione faida na hasara yake, iwe ni sehemu ya kujifunza. Sisi tukabakiza jembe, tukaondoa kupanga. Miaka yote niliyomwagilia ile mboga ya shule hakuna aliyewahi kuniuliza jana ilinyesha kiasi gani, au kwa nini mstari ule umekufa na huu umepona. Sasa kuna mtaala mpya ulioanza Januari 2024, wenye mkondo wa amali, na kila mtu anazungumzia ujuzi. Sawa. Mimi naomba kitu cha bei rahisi kuliko karakana: kopo, rula, na daftari moja la darasa linaloning'inizwa ukutani. Kila asubuhi mtoto mmoja aandike tarehe, milimita na upepo ulikotoka. Mkondo anaokabidhiwa darasa mwakani akabidhiwe na daftari. Baada ya miaka sita shule ina jedwali lake lenyewe la masika, la kijiji chake, sio la kunakili. Na lile swali langu liandikwe upya, masika yalianza lini hapa kwetu mwaka huu, na umejuaje?

Mtaniambia mitihani ya taifa haisahihishi hivyo. Najua. Mtihani utataka Machi hadi Mei na mimi nitawafundisha waiandike, siwezi kuwafelisha watoto wa watu kwa sababu ya hasira zangu. Ila kuna siku 190 na zaidi za masomo kwa mwaka, na mtihani ni siku moja. Mazoezi ya kufundisha ya mwaka huu yakianza, kopo langu la maziwa naenda nalo. Na yule kijana wa nyuma, kama bado yupo na nikipangiwa kulekule, nina deni la alama mbili na samahani moja.

Jumapili nilimtumia mama elfu ishirini anunue miche. Alinipigia jioni kunishukuru, tukaongea ya mdogo wangu na ada ya mchango wa chakula shuleni kwake, kisha nikamuuliza amepanda mingapi. Akacheka. Akasema amepanda kumi na tano, nyingine ziko chini ya mwembe, anaingoja mvua aione sura. Halafu akaniuliza tena, "Na huko kwenu unaionaje?" Safari hii nikamwambia sijui mama, jana kopo lilikuwa na milimita tisa, leo hakuna kitu, kaskazi bado inavuma kidogo mchana. Akasema, "Haya, basi na mimi nitaweka kopo."

Nyie wa Tanga mjini, Moshi, Bukoba, huko imeanza au bado inawapima? Fungu langu la tatu bado liko kwenye chombo cha kahawa juu ya kabati. Nalitazama kila asubuhi.